Umri wa Ng'ombe Jike katika Buhaya

Vitabu visimuliavyo historia ya Buhaya vimeandika mengi juu ya Bakama na milki zao, juu ya ufuaji wa chuma, juu ya kahawa na vyama vya ushirika. Ng'ombe hutajwa humo kama pambo la ikulu, au kama tunzo ya Mkama kwa mtu wake, kisha msimulizi hupita. Katika insha hii tunakusudia kusimama pale wengine walipopita, na kuuliza swali dogo ambalo tunaamini lina mambo makubwa ndani yake: katika nchi iliyo leo wilaya za Bukoba na Muleba, ng'ombe jike alikuwa na miaka mingapi ya manufaa, na ni mambo gani yaliyourefusha au kuufupisha umri huo?

Hatuulizi miaka ya uhai peke yake. Ng'ombe aweza kuzeeka mpaka akawa hana jino wala maziwa, na bado akapumua. Tunauliza miaka ile ambayo mwenyewe, akimtazama jioni anaporejea zizini, huridhika kwamba amestahili majani aliyoyala. Hapo ndipo ilipo historia, kwa maana jibu la swali hili halimo katika mwili wa mnyama tu. Limo katika udongo, katika kupe, katika desturi za kuazimana mali, na katika yale ambayo watu wa zama fulani waliyahesabu kuwa manufaa.

Yatupasa kuanza na ardhi. Ukanda wa magharibi wa Ziwa Viktoria hupata mvua kubwa kupita sehemu nyingi za Tanzania. Mjini Bukoba hunyesha kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua hiyo hupungua kadiri msafiri anavyoelekea magharibi. Mgeni hudhani kwamba nchi yenye mvua kiasi hicho haina budi kuwa na rutuba. Sivyo. Mvua hiyo, ikinyesha zama na zama juu ya udongo uliotokana na mawe ya mchanga, imekiosha chakula cha mimea na kukishusha chini mno, mahali mizizi isipofika. Majani ya rweya, yaani mbuga zilizo wazi baina ya vijiji, huchipua upesi na kukomaa upesi, yakawa magumu, yenye kujaza tumbo pasipo kujenga mwili. Lakini katikati ya rweya hiyo hiyo vimesimama vibanja vya migomba na mibuni, vyenye udongo mweusi, vilivyolisha watu wengi kizazi baada ya kizazi.

Mwaka 1938 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alichapisha makala juu ya fumbo hilo. Alieleza kwamba udongo wa kibanja na ule wa rweya ni ndugu kwa asili, na kwamba tofauti kubwa tuionayo leo ni kazi ya mikono ya watu. Wazee wa Ihangiro na Kianja hawakungoja mtaalamu awaambie hayo, ila si vibaya elimu ya kizungu ikifika, japo kwa kuchelewa, mahali wazee walipokwisha kukaa. Rutuba ya kibanja ilichukuliwa kutoka rweya ikaletwa nyumbani, na mchukuzi wake mkuu alikuwa ng'ombe. Mchana alikula rweya. Usiku alilala ndani ya nyumba ya msonge, upande wake, pamoja na watu. Asubuhi kinyesi chake kilipelekwa migombani. Nyasi zilizotandikwa sakafuni nazo zilipochakaa zilifuata njia hiyo hiyo.

Basi msomaji akumbuke jambo hili tunapoendelea. Mahali ambapo ng'ombe ni wa nyama tu, manufaa yake hukoma siku anapoacha kuzaa. Katika Buhaya hayakukoma siku hiyo. Ng'ombe tasa aliendelea kwenda rweya kila asubuhi na kurudi kila jioni na rutuba tumboni mwake. Migomba haikuuliza kama amezaa mwaka huo.

Ng'ombe wenyewe wengi wao walikuwa wa jamii ya Ankole, wale wa pembe ndefu wanaoonekana pia Karagwe, Rwanda, Burundi, na Ankole yenyewe nchini Uganda. Hadhi yao ilikuwa kubwa. Katika ikulu ya Karagwe, majirani wa magharibi, zilihifadhiwa sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, ambazo simulizi huzihusisha na Mkama Ndagara, baba yake Rumanyika. Na Rumanyika ndiye aliyempokea msafiri Speke mwaka 1861. Bahima nao wana tungo maalumu za kusifia ng'ombe, ambamo mtunzi huwataja kwa rangi zao, kwa mwendo wao na kwa mpindo wa pembe zao. Habari za samadi hawakuzigusa. Hizo, yaelekea, waliwaachia wakulima.

Je, umri wa ng'ombe ulijulikanaje mahali pasipokuwa na daftari? Mfugaji alikuwa na vitabu viwili: kinywa na pembe. Ng'ombe ana meno manane ya mbele, yote katika taya la chini. Jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani huota akiwa na umri wa miaka miwili hivi, na kinywa hujaa karibu na mwaka wa tano. Baada ya hapo meno hayaongezeki, huanza kulika. Ng'ombe alaye majani magumu kwenye nchi ya mchanga huyamaliza meno yake mapema kuliko yule wa majani laini, na jino likiisha, hata rweya yote ikiwa mbele yake, atakonda. Ama pembe, kila mimba huacha alama ya pete kwenye shina lake, kwa sababu mwili wenye kulea ndama tumboni huinyima pembe chakula. Mwenye ujuzi huhesabu pete akajua ng'ombe amebeba mimba ngapi. Tena pete zilizokaribiana ni ushahidi wa miaka ya uzazi mwema. Nafasi pana kati ya pete mbili husimulia mwaka wa utasa, wa njaa, au wa maradhi. Hii ni hati ya historia ambayo mnyama huyu huichukua kichwani mwake, na tungependa walimu wa shule zetu wawaonyeshe wanafunzi kabla ya kuwapa majedwali ya vitabuni.

Ng'ombe wa Ankole huchelewa. Juu ya majani kama yale ya rweya, mtamba huwa hajazaa mara ya kwanza mpaka akaribie miaka minne, na baina ya mzao na mzao hupita zaidi ya mwaka, kwa kuwa anayenyonyesha huku akila majani maskini hana nguvu ya kushika mimba nyingine upesi. Wataalamu wa nje walipoyaona hayo waliandika kwamba ng'ombe huyu ni duni. Tupige hesabu ndogo, kwa mfano tu. Ng'ombe wa kwanza anazaa akiwa na miaka minne, kisha kila baada ya mwaka mmoja na nusu, mpaka afike miaka kumi na mitatu: atakuwa ameacha ndama saba. Wa pili ni wa ranchi nzuri. Anazaa akiwa na miaka mitatu, kisha kila mwaka, na akiwa na miaka tisa anauzwa: ameacha ndama saba vilevile. Mwenye ranchi atasema wake ni bora, kwa maana amefanya kazi ile ile kwa miaka minne pungufu ya majani. Mwenye kibanja atasema wake ndiye bora, kwa maana ameleta samadi miaka minne zaidi. Wote wawili wamesema kweli. Wanatofautiana juu ya kilicho haba. Kwa mmoja majani ni haba. Kwa mwingine, katika zama zile rweya ilipokuwa pana, kilichokuwa haba ni rutuba ya nyumbani.

Huko Marekani, ambako ufugaji wa ng'ombe wa nyama ni biashara kamili, mtamba hutarajiwa kuzaa akiwa na miaka miwili, na kila mwaka majike hupimwa mimba. Asiyekuwa na mimba, aghalabu huuzwa kabla ya majira ya baridi, hata akiwa na afya njema, kwa kuwa kumlisha mwaka mzima bila ndama ni hasara. Hivyo sababu kubwa ya kukatika kwa umri wa ng'ombe wa huko si uzee wala maradhi, ni kukosa mimba mara moja. Watafiti wa Nebraska walionyesha pia kwamba majike wa damu iliyochanganywa hudumu kundini zaidi ya mwaka mmoja kuliko wa damu moja. Tumelitaja jambo hilo kwa sababu litatukuta tena tutakapofika kwenye ranchi zetu wenyewe.

Lakini tusikimbilie uzee, wengi hawakuufikia. Mlango mwembamba wa maisha ya ng'ombe katika nchi za Ziwa ulikuwa utoto, na bawabu wake alikuwa kupe. Ugonjwa tuuitao ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia ambaye hupenda kukaa masikioni. Robert Koch aliuona Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19 akaudhania kuwa ugonjwa mwingine uliojulikana Marekani. Nchini Uganda wenyeji walikuwa na jina lake, amakebe, nao waliujua kuwa ni ugonjwa wa ndama. Mwaka 1910 David Bruce na wenzake walichapisha matokeo yaliyothibitisha kwamba amakebe ni ugonjwa ule ule wa pwani. Tunapenda msomaji aitazame hekima iliyomo katika jina la wenyeji. Kwa nini ugonjwa wa ndama, ilhali kupe huuma wakubwa kwa wadogo? Kwa sababu mkubwa aliyezaliwa katika nchi hiyo amekwisha kuugua utotoni akapona, na aliyepona huwa na kinga. Kila ng'ombe mzima aliyeonekana rweya alikuwa ameupita mlango huo.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wasemao kwamba ng'ombe wa asili huishi miaka mingi kwa uimara wa damu peke yake. Damu ipo, ila kuna na chekecheke. Wanyonge walikufa kabla hawajahesabiwa, na tunaowaona wazee ni mabaki ya kundi lililokuwa kubwa zaidi. Wafugaji hawakukaa bure wakitazama. Waliwang'oa kupe kwa mkono, waliwasha moto wa kinyesi kikavu ili moshi uwafukuze wadudu, na waliichoma rweya wakati wa kiangazi. Moto huo uliua kupe wengi waliokuwa katika majani na kuleta chipukizi laini. Kuchoma moto kulilaumiwa sana na mabwana shamba wa kikoloni, na lawama hiyo haikukosa sababu, kwani moto wa kila mwaka huudhoofisha udongo. Ila aliyelaumu alipaswa kueleza kwanza ni kwa dawa gani kupe wangeuawa badala yake.

Sasa tufike katika msiba mkubwa kuliko yote. Sotoka iliingia katika Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ikateremka upesi, na kufikia mwaka 1891 ilikuwa imezizunguka nchi za Ziwa. Ilikuja karibu sawia na wageni wengine: Emin Pasha alijenga kituo cha Wajerumani Bukoba mwezi Novemba 1890. Sotoka haikuwa kama ndigana. Hakuna ng'ombe katika nchi yetu aliyekuwa ameiona, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na kinga. Iliwaua wazee, mitamba, fahali na ndama pamoja, na katika makundi mengi hawakusalia ila wachache wa kuhesabika kwa vidole. Ulikuwa wakati ambapo umri wa ng'ombe haukutegemea majani, wala meno, wala uangalizi wa mwenyewe. Ulitegemea kama upepo wa maradhi umepita zizi hilo au la.

Wanahistoria wameeleza matokeo yake kwa mapana. John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya maradhi yaenezwayo na mbung'o, na Helge Kjekshus katika kile cha mwaka 1977, wameonyesha jinsi vifo vya mifugo vilivyoiacha ardhi bila walaji wa majani, vichaka vikasonga mbele, na mbung'o wakavifuata vichaka. Karagwe iliumia hasa kwa njia hiyo. Katika nchi ya migomba karibu na Ziwa, mbung'o hakupata nafasi ile ile, kwa kuwa makazi yalikuwa yamesongamana. Huku pigo lilikuja kimya kimya. Samadi ilikatika. Mgomba ulionyimwa samadi hauanguki siku hiyo. Hupunguza mkungu mwaka huu, hupunguza mwingine mwaka ujao, na pembezoni mwa kibanja hugeuka kikamba, ardhi iliyochoka inayorudi polepole kuwa rweya.

Na kulijaza zizi tena hakukuwa jambo la mwaka mmoja wala miwili. Tuseme ndama jike aliyezaliwa mwaka 1891 ameokoka. Kwa mwendo wa ng'ombe wa Ankole atazaa mara ya kwanza mwaka 1895. Mzao huyo akiwa jike naye akaishi, atazaa mwaka 1899, na mjukuu atazaa mwaka 1903. Hapo tumempa mwenyewe bahati ambayo wachache huipata, ya kuzaliwa jike kila mara na ndigana kutokubisha hodi. Katika miaka hiyo ng'ombe mzee alipata thamani ambayo vijana wa leo ni vigumu kuielewa. Aliyekuwa na jike mwenye meno yaliyolika lakini ambaye bado aweza kushika mimba moja zaidi hakumchinja. Na aliyesalia na ng'ombe, mara nyingi mtu wa ikulu au wa ukoo mkubwa, alisalia pia na watu, kwa kuwa watu humfuata mwenye ng'ombe wa kuazima.

Kuazimana huku kwahitaji maelezo, maana kuligusa umri wa ng'ombe kuliko tunavyodhani. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote chini ya paa moja. Aliwagawa kwa ndugu, marafiki na watu wake. Kwa kawaida mlezi alipata maziwa na samadi, na mwenye mali akabaki na haki juu ya ng'ombe na uzao wake. Kama maradhi yaliingia kijiji kimoja, mali yote haikuteketea. Lakini kulikuwa na jambo la pili. Mlezi hakuwa na ruhusa ya kuchinja wala kuuza. Mwenye mali naye hakuweza kumchukua ng'ombe ovyo bila kuvunja urafiki. Hivyo mwisho wa ng'ombe ulihitaji ridhaa ya watu wawili ambao faida zao hazikufanana, na jambo linalohitaji ridhaa ya wawili huchelewa. Ng'ombe wengi, kwa maoni yetu, walizeeka chini ya kivuli cha desturi hiyo. Wahenga walinena kwamba ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Hapa alikuwa na mazizi mawili ya kukimbilia.

Tusiipambe desturi hiyo kupita kiasi. Kuazima kulijenga urafiki, na kulijenga utumwa wa adabu vilevile. Aliyelea ng'ombe wa mkubwa alijua la kusema na la kunyamazia. Kulikuwa na undugu baina ya jambo hili na nyarubanja, ambapo mkulima aliishi juu ya kibanja cha mwingine na kumlipa kodi. Serikali ya Tanganyika huru iliondoa utawala wa machifu mwaka 1963, na Tanzania ikapitisha sheria ya kuwamilikisha wapangaji wa nyarubanja mwaka 1965. Hatua hizo zilikuwa za haki. Ila ng'ombe wa kuazima hakuandikwa katika sheria yoyote, na desturi yake ilififia yenyewe kadiri fedha ya kahawa ilivyokuwa jibu la mambo mengi.

Fedha ilileta kipimo kipya. Tangu meli za Ziwa zilipoiunganisha Bukoba na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, ngozi na kahawa zilipata soko la mbali. Bei ya kahawa ilipokuwa njema, mkulima alinunua ng'ombe, ilipoanguka, aliuza. Na mwenye kuuza kwa dhiki huuza nini? Huuza kile chenye mnunuzi wa haraka: mtamba aliyenona, tena wakati wa kulipa karo za shule. Tasa na mkongwe hubaki zizini kwa kukosa bei. Tunaliona hili kuwa kosa kubwa kuliko lile walilolaumiwa wazee, la kuhifadhi ng'ombe wakongwe. Wazee walihifadhi wakongwe pamoja na mitamba. Mwenye dhiki huhifadhi wakongwe badala ya mitamba, na baada ya miaka sita au saba zizi lake huwa na meno yaliyolika tu.

Baada ya uhuru serikali ilijaribu kuushika umri wa ng'ombe kwa mikono miwili. Mkono wa kwanza ulikuwa majosho. Palipokuwa na josho lenye dawa, ndama wengi waliupita ule mlango mwembamba. Lakini josho lina sharti: likianza lisikome. Ndama aliyekua bila kuumwa na kupe hana kinga ya ndigana. Dawa ikikosekana, huugua akiwa mkubwa na kufa. Katika miaka ya 1980, nchi ilipobanwa na uhaba wa fedha za kigeni na ruzuku ya dawa ikapunguzwa, majosho mengi yalikauka, na wafugaji wa Kagera walijifunza sharti hilo kwa gharama kubwa.

Mkono wa pili ulikuwa ranchi za taifa: Missenyi upande wa kaskazini, Kagoma katika Muleba, Mabale na Kikulula kwingineko mkoani. Huko ilikuja hesabu ya kina mwenye ranchi. Ng'ombe alipewa namba, mizao yake ikaandikwa, fahali wa Borani wakaletwa, na jike asiyezaa akaondolewa. Kwa kilo za nyama hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Kisha tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na ng'ombe wa ranchi ya Missenyi pamoja na wale wa wananchi wakaswagwa kuvuka mpaka kama ngawira. Adui alipofukuzwa, waliorudi walikuta mazizi matupu kama yalivyokuwa kwa babu zao wakati wa sotoka, isipokuwa safari hii maradhi yalivaa sare. Mwaka 1979 mkoa uliacha jina la Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera.

Sotoka yenyewe haipo tena. Chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright huko Muguga, Kenya, ndiyo iliyoikata mizizi, na mwaka 2011 mashirika ya kimataifa yalitangaza kwamba imetoweka duniani. Kwa ndigana ipo njia ya kumwambukiza ndama kwa kipimo huku akipewa dawa, iliyotayarishwa Muguga hiyo hiyo. Kwa maana nyingine, kumpitisha kwenye mlango ule ule wa zamani huku ameshikwa mkono.

Kilichobadilika zaidi ni rweya. Sehemu kubwa za Bukoba na Muleba zilizokuwa malisho ya wote zimepimwa, zikagawiwa, zikapandwa misonobari na mikaratusi. Ng'ombe wa pembe ndefu aliyehitaji kutembea siku nzima ili ashibe hana pa kutembea. Tangu miaka ya 1980 mitamba chotara, uzao wa majike wa Borani na madume ya maziwa ya kigeni, imetolewa kutoka Kikulula kwa wakulima wa vijijini, wakafugwa bandani na kuletewa majani, vigogo vya migomba na maganda ya ndizi. Samadi hupatikana, na maziwa hupita yale ya ng'ombe wa kale. Lakini chotara huyu ni mgeni kwa kupe, hana subira ya njaa, na kwato zake huharibika akisimama muda mrefu katika banda lenye tope. Ule urefu wa umri uletwao na kuchanganya damu hupatikana pale tu ambapo chakula, maji na dawa havikatiki. Katika nyumba ya mjane mwenye jembe moja, mara nyingi hukatika.

Mitamba hiyo ilitolewa kwa mapatano yaliyokuja kujulikana nchini kwa maneno ya kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Apokeaye hana fedha ya kutoa. Hulea, hukamua, huchukua samadi, kisha ndama jike wa kwanza humpa jirani anayefuata katika orodha. Mzee yeyote wa Ihangiro angetambua hapo sura ya desturi ya kale, ila mwenye mali sasa si Mkama bali ni jirani asiyejulikana bado. Na katika mapatano hayo umri wa ng'ombe ndio uamuao yote. Mzao wa kwanza akiwa dume, jike wa deni bado hajazaliwa. Akizaliwa jike mara ya pili, ni wa jirani. Ni kuanzia mzao wa tatu ambapo mlezi huanza kujilimbikizia mali yake mwenyewe. Naye ng'ombe huyo, akifa kwa ndigana au kwa kwato kabla ya mzao huo, huwa amelipa deni, amenywesha watoto maziwa kwa miaka michache, na kuliacha banda tupu nyuma ya migomba iliyonawiri.